London hadi Paris: treni ya chini ya bahari, meli au ndege? Ulinganisho kwa anayetokea Arusha na Moshi

Kila ikikaribia Novemba, watu wa utalii wa Arusha wanaanza kupanga safari ya London kwa ajili ya maonyesho ya World Travel Market. Na kila mara kuna mwenye swali lilelile: nikishamaliza London, nina mawakala wa kuonana nao Paris, sasa nivukeje? Wapo pia wazazi wa Moshi ambao watoto wao wanasoma au wanafanya kazi Uingereza, na wakishafika huko wanataka na Paris waione kabla ya kurudi. Njia ziko tatu: treni inayopita kwenye handaki chini ya bahari, meli, na ndege. Hapa nazilinganisha kwa macho ya mtu mwenye pasipoti ya Tanzania, maana maelezo mengi yaliyopo mtandaoni yameandikwa kwa ajili ya Mwingereza ambaye viza haimnyimi usingizi.

Nianze na jibu. Kama unatoka katikati ya London na unakwenda katikati ya Paris, panda treni. Kama upande mmoja wa safari yako uko pengine, subiri kwanza usome, kwa sababu hapo treni inaweza kushindwa tena vibaya.

Muda

Mkazi wa Arusha anaijua hesabu hii kwa safari ya Unguja. Ndege ya kutoka Kisongo inauma mfukoni lakini mchana uko Zanzibar. Basi hadi Dar halafu boti ni nafuu, ila siku imekwisha. Tumezoea hivyo: wa angani anawahi, wa chini anachelewa. Kati ya London na Paris kanuni hiyo inapinduka.

Ndege inakaa hewani kama saa moja na robo. Ukiishia hapo utadhani hakuna cha kubishania. Lakini Heathrow si mjini. Kwa treni ya chini ya ardhi ya Piccadilly ni karibu saa nzima kutoka katikati ya London, na unatakiwa uwepo uwanjani saa mbili kabla. Ukitua Charles de Gaulle, kama kilomita 25 nje ya Paris, kuna foleni ya uhamiaji, kuna kusubiri begi, halafu treni ya RER B kwa nusu saa au zaidi. Jumlisha: saa tano, na siku ya foleni ndefu, sita.

Eurostar, ndiyo hiyo treni ya handakini, inaondoka kituo cha St Pancras, London, na kuingia Gare du Nord, Paris, baada ya takriban saa mbili na dakika 20. Vituo vyote viwili viko mjini. Lango la abiria linafungwa dakika 30 kabla ya treni kuondoka, lakini usifike dakika ya 31. Fika saa moja na nusu kabla. Hata ukiweka na muda wa teksi kwenda kituoni, unatoka hotelini asubuhi na mchana unakula Paris.

Meli ndiyo ya mwisho, na kwa mbali. Kutoka Dover hadi Calais ni kama dakika 90 majini, lakini kwanza ufike Dover, zaidi ya saa moja kwa treni ya kasi kutoka St Pancras. Kituo cha treni cha Dover hakiko bandarini, kwa hiyo unatafuta usafiri wa kushuka huko. Ukishavuka, bandari ya Calais nayo haiko kituoni, na kutoka Calais hadi Paris bado una safari ya treni. Halafu si kila meli inachukua abiria wa miguu. Nyingi zinategemea magari na malori. Ni siku nzima, na ukikosa kiungo kimoja, ni siku na usiku.

Jambo dogo linalowachanganya wengi: Ufaransa iko mbele ya Uingereza kwa saa moja. Tiketi ikisema unaondoka 14:01 na kufika 17:20, usihesabu saa tatu na dakika 19. Ni saa mbili na dakika 19. Kurudi ni kinyume chake, treni inaonekana kama imeruka. Na kwa kuwa tiketi zao zinaandikwa kwa saa 24, mwandikie mzazi wako pembeni kwa kalamu: 14:01 ni saa nane na dakika moja mchana. Usimwachie abadilishe mwenyewe akiwa amesimama stesheni.

Handaki lenyewe likoje

"Mwanangu, sasa huko chini tutaona samaki?" Hilo ni swali la mzee mmoja wa Marangu, na si yeye peke yake. Hapana, baba. Hutaona maji wala samaki. Dirisha linakuwa jeusi, masikio yanaziba kidogo, na baada ya kama dakika 20 unaona mashamba ya Ufaransa. Wengine wanasinzia na kuamka wamekwisha vuka.

Handaki hilo lina urefu wa kilomita 50 na nusu, na karibu 38 kati ya hizo ziko chini ya bahari. Hakuna handaki jingine duniani lenye sehemu ndefu kiasi hicho chini ya maji. Halikulazwa juu ya sakafu ya bahari kama bomba. Lilichimbwa ndani ya mwamba wa chokaa laini uliochanganyika na udongo, ambao unachimbika vizuri na haupitishi maji kirahisi. Mahali penye kina kikubwa ni mita 75 chini ya sakafu ya bahari. Uchimbaji ulianza 1988 kutoka pande zote mbili, wachimbaji wa Uingereza na wa Ufaransa wakakutana katikati tarehe 1 Desemba 1990, na tarehe 6 Mei 1994 Malkia Elizabeth wa Pili na Rais François Mitterrand wakalifungua.

Ni mahandaki matatu, si moja. Mawili ni ya treni, moja kwenda na moja kurudi. La tatu, dogo, liko katikati kwa ajili ya huduma na uokoaji, na kila baada ya mita 375 kuna njia inayoliunganisha na yale makubwa. Hewa ya hilo dogo inawekwa kwa mgandamizo wa juu kuliko kwenye mahandaki ya treni, ili moshi usiingie. Moto umewahi kutokea, mkubwa mwaka 1996 na tena 2008, yote miwili kwenye treni zinazobeba malori. Hakuna aliyekufa.

Kuhusu kasi: nje ya handaki Eurostar inafika kilomita 300 kwa saa, ila ndani inashushwa hadi 160, kasi ileile ya juu ya SGR yetu ya Dar kwenda Dodoma. Aliyepanda SGR basi ameshaonja mwendo wa chini ya bahari, akikosa giza tu.

Usichanganye Eurostar na LeShuttle. Zote zinapita humo, lakini LeShuttle ni treni ya kubeba magari kutoka Folkestone hadi Coquelles karibu na Calais, dakika 35, na huwezi kuipanda kwa miguu. Unaingia na gari, unabaki ndani ya gari lako, unatokea upande wa pili.

Viza, hapo ndipo penye kazi

Uingereza haijawahi kuwa ndani ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hata ilipokuwa bado Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo London na Paris ni viza mbili, ada mbili, na kwa mkazi wa Arusha kwa kawaida ni safari ya Dar kutoa alama za vidole. Hilo halibadiliki uchague treni, meli au ndege. Kinachobadilika ni mahali unapokaguliwa.

Kwenye treni, askari wa mpaka wa Ufaransa wako St Pancras, ndani ya London. Unapitisha tiketi getini, mizigo inapita kwenye mashine, kisha unamkuta ofisa wa Kifaransa kwenye kibanda. Akikupitisha hapo, umemaliza. Ukishuka Gare du Nord unatembea moja kwa moja hadi barabarani, hakuna wa kukuuliza kitu. Kurudi ni vivyo hivyo: ofisa wa Uingereza anakukagua ukiwa bado Paris. Dover nako Wafaransa wanakagua kabla ya meli. Kwenye ndege ukaguzi unakusubiri ukitua, baada ya uchovu, pamoja na abiria wa ndege nyingine zote zilizotua wakati huo.

Mimi hilo naliona ni faida kubwa kuliko hata zile saa zilizookolewa. Karatasi zikiwa na kasoro, bora uambiwe ukiwa umbali wa kituo kimoja na hoteli yako.

Sasa kosa linalogharimu watu. Angalia stika ya viza ya Schengen, mahali panapoonyesha idadi ya kuingia. Patakuwa na 01, 02 au MULT, yaani mara nyingi. Mtu anaruka na KLM kutoka KIA, anatoka Schiphol na kukaa Amsterdam siku mbili kuona wateja, anakwenda London, halafu anataka Paris. Kama viza yake ni 01, ile ruhusa ameshaitumia Amsterdam. Alipovuka kwenda London alitoka Schengen, na hakuna treni wala meli itakayomrudisha. Ukiwa na mpango wa kuvuka kwenda na kurudi, omba kuingia zaidi ya mara moja tangu mwanzo, na uambatanishe ratiba inayoonyesha sababu.

Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kutumia mfumo mpya wa kusajili kwa kompyuta wanaoingia na kutoka, unaochukua nafasi ya muhuri wa kugongwa kwenye pasipoti. Mpe ofisa muda wake, yaani ongeza nusu saa kwenye hesabu zako.

Mizigo, na habari ya sime

Eurostar kwa tiketi ya kawaida inaruhusu masanduku mawili yasiyozidi sentimita 85 na begi dogo la mkononi. Hakuna mizani. Kama unaweza kulibeba na kulipandisha kwenye behewa, ni lako. Kwa mtu anayetoka maonyeshoni na maboksi ya vipeperushi, au mama anayerudi na nguo za wajukuu, hilo peke yake linatosha kuchagua treni. Vimiminika havina sheria ya mililita 100, kwa hiyo chupa ya asali haitaleta kelele. Kahawa ya Kilimanjaro iliyokaangwa inapita kote. Mbege usijisumbue, itachacha kabla ya Addis.

Ila treni haina begi la kukabidhi. Kila ulicho nacho kinapita kwenye mashine na kukaa nawe. Ndiyo maana sime ya Kimasai uliyomnunulia mwenyeji wako sokoni Arusha, ambayo ilisafiri salama ndani ya sanduku kubwa la ndege, itaishia St Pancras. Visu vyenye makali yanayozidi sentimita 7 na nusu haviruhusiwi. Sime haikaribii hata kidogo. Zawadi za namna hiyo ziache London, au mpelekee shuka na shanga.

Kwenye ndege za bei nafuu za Ulaya, tiketi ndogo unayoiona haina begi. Begi linalipiwa, na likizidi ukubwa likagundulika getini, linalipiwa zaidi. Watu wetu hawasafiri na begi la mgongoni. Linganisha bei baada ya kuongeza sanduku, si kabla.

Bei

Nauli ya Eurostar inapanda kama ya ndege: ya kukata miezi miwili kabla na ya kukata jana ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukikata mapema, mara nyingi inakaribiana na ndege ukishaiongezea begi na usafiri wa viwanja vya pande zote. Ukikata siku tatu kabla ya Krismasi, ndege inaweza kuwa nusu yake.

Tatizo ni kwamba viza zetu hazitoki kwa ratiba, na kukata tiketi isiyorudishwa fedha kabla ya viza ni kamari. Ninavyoshauri, soma masharti ya kubadilisha tarehe kabla hujatazama bei.

Kama fedha ndiyo inayoamua, lipo basi kutoka Victoria Coach Station hadi Paris. Ni la bei ya chini kuliko yote, linachukua saa nane hadi kumi, na linavuka kwa meli au kwa LeShuttle. Kijana aliyezoea basi la Arusha hadi Dar hatalishangaa. Mzee wa magoti mabovu msimpandishe.

Mambo yakiharibika

Handaki likipata hitilafu, hakuna njia ya mchepuko. Desemba 2009, katikati ya baridi kali, treni tano za Eurostar zilikwama humo usiku na zaidi ya abiria 2,000. Theluji iliyonata kwenye injini iliyeyuka zilipoingia kwenye joto la handaki na kuharibu umeme. Tarehe 30 Desemba 2023 maji yalijaa kwenye handaki jingine la njia hiyohiyo, chini ya mto Thames, na safari zikafutwa siku nzima.

Lakini usidhani ndege imepona. Machi 2025 moto kwenye kituo cha umeme uliifunga Heathrow nzima kwa sehemu kubwa ya siku. Na meli inasimamishwa na upepo, hasa kati ya Novemba na Februari. Kanuni yangu ni fupi: kama ndege yako ya kurudi KIA inaondokea mji mwingine, usivuke siku ileile. Vuka siku moja kabla.

Treni inaposhindwa

Kwanza, ukiwa na KLM kutoka KIA na unakokwenda ni London tu. Treni ya moja kwa moja kutoka Amsterdam hadi London ipo, kama saa nne, na inavutia kwenye picha. Achana nayo. Tiketi moja ya ndege hadi London maana yake begi linakabidhiwa KIA na kupokelewa Heathrow, na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika linakutafutia nyingine. Ukitoka Schiphol kwenda kupanda treni, unahitaji viza ya Schengen, unaburuta masanduku, na treni ikikuacha ni shauri lako.

Pili, mwenyeji wako akiwa Manchester, Leeds au Glasgow. Eurostar haivuki London kwenda kaskazini. Kumshusha mama mkwe London, kumhamisha stesheni na mizigo, kisha kumpandisha treni nyingine, ni kumtesa bure wakati Manchester kuna ndege za kwenda Paris moja kwa moja.

Tatu, familia yenye gari. LeShuttle inatoza kwa gari, si kwa kichwa, na meli nazo zinapanga bei kuzunguka gari. Mwanao wa Reading akiwa na mke, watoto wawili na bibi aliyetoka Machame, gari moja linaweza kushinda tiketi tano za Eurostar kwa mbali. Kati ya LeShuttle na meli hapo, dakika 35 dhidi ya 90, ningetazama watoto: melini wanatembea, wanakula, wanaona miamba myeupe ya Dover ikirudi nyuma. Dereva tu akumbuke kwamba tumezoea kushoto, Uingereza ni kushoto, Ufaransa ni kulia.

Hata Japani handaki halikuua ndege. Seikan, handaki la chini ya bahari linalounganisha kisiwa cha Tokyo na kile cha Sapporo, lenye kilomita karibu 54, lilichimbwa baada ya meli ya Toya Maru kuzama katika kimbunga mwaka 1954 na watu zaidi ya elfu moja kufa. Lilifunguliwa 1988, na treni ya kasi ikaanza kupita 2016. Bado anayetoka Tokyo kwenda Sapporo anapanda ndege, kwa sababu saa moja na nusu hewani inaishinda safari ya reli ya saa nane hivi.

Meli ya usiku

Kuna meli moja ambayo ningeipendekeza bila kusita, nayo haipiti Dover kabisa. Inatoka Hoek van Holland, Uholanzi, na kuingia Harwich, Uingereza, na ina safari ya usiku. Inamfaa aliyemaliza kazi zake Uholanzi, mwenye viza zote mbili, na asiyependa kufungiwa handakini wala angani. Unafika Hoek kwa metro kutoka Rotterdam, unapanda jioni, unalala kitandani, na asubuhi kuna treni kutoka bandarini Harwich hadi Liverpool Street, London, kwa kama saa moja na nusu. Chumba ni lazima kwa safari ya usiku, kwa hiyo bei inaonekana kubwa mpaka uondoe gharama ya hoteli ya usiku huo. Mkiwa wawili mkagawana chumba, inashuka tena. Kata chumba mapema kuliko unavyodhani, hasa Julai na Agosti, na uchague chenye dirisha.